Si Utundu, Si Pepo: Mtoto Aliyebadilika Ghafla Baada ya Kuumwa Koo

Katika ukurasa huu wa Afya ya Familia tumeshaongea malaria, tumeongea utapiamlo, tumeongea maji na sabuni. Leo tunaleta jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, hata sisi tunaoandika. Tumejifunza kwa sababu ya mtoto mmoja wa hapa kwetu Kinama, upande wa Muyinga, na safari yake ya kwenda Gitega. Jina lake hatuliandiki. Mama yake ametukubalia tueleze, akasema hivi: "Muandike, ili mama mwingine asimupige mutoto wake bure kama mimi."

ILIVYOANZA

Msichana ana miaka 9. Ni mtoto wa kutumwa akaenda: anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni, na shuleni mwandiko wake ulikuwa unaonyeshwa kwa wengine. Mwezi wa pili aliumwa koo. Alikuwa na homa kali, kumeza kwa shida, na vifundo vinavyouma chini ya taya. Hakukohoa wala hakutoka kamasi. Nyumbani wakampa maji ya chumvi asukutue. Jirani mwema akaleta vidonge viwili vya rangi mbili vilivyobaki kwake. Siku ya nne homa ikapoa, mtoto akarudi kucheza, na mambo yakasahaulika.

Mwezi wa nne ndipo vituko vikaanza. Tumsikilize mama mwenyewe:

"Nilizani ni buchokozi. Namupa kikombe, anaangusha. Namupa sahani, inamwagika. Akikaa, bega linaruka, uso unajikunja kama anamucheka mutu. Siku ya tatu nikamupiga. Analia, na mukono bado unacheza wenyewe. Pale njo nikaogopa."

Shuleni nako daftari likaharibika. Tumeliona kwa macho yetu. Kurasa za mwezi wa kwanza zimenyooka vizuri, za mwezi wa nne herufi zinaruka mstari kama panzi. Mwalimu akadhani ni uvivu, akamsimamisha mbele ya wenzake. Halafu tabia nayo ikageuka. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa analia bila sababu, anacheka bila sababu, hataki kulala mbali na mama, na usiku anauliza mara kumi kama mlango umefungwa.

Hapo maneno ya jirani yakaanza, mnajua wenyewe maisha ya bloki. Mmoja akasema ni pepo. Mwingine akataja mfumu fulani wa ng'ambo ya kilima. Wengine walisema ni kifafa, wakawakataza watoto wao kula naye sahani moja, kana kwamba kifafa kinaambukiza, na hakiambukizi. Mzee mmoja akasema ni kumbukumbu za vita vya Kongo. Lakini mtoto huyu amezaliwa hapa hapa kambini. Vita ameisikia kwa hadithi za wakubwa tu.

Mahali pa kwanza walipoenda kutafuta matibabu walipewa dawa ya minyoo na kuambiwa mtoto anajidekeza. Hatusemi ni wapi, kwa maana lengo letu si kushtaki mtu. Ugonjwa huu unawapita hata wenye kusoma.

SWALI LA MUUGUZI

Kilichomsaidia mtoto ni jicho la mama. Aliona kwamba usiku, akishasinzia, mikono inatulia kabisa. Asubuhi akiamka, inaanza tena. Alipokutana na muuguzi mwingine, mtu mzima mwenye subira, akamwambia hilo. Muuguzi akamwomba mtoto atoe ulimi nje na auache hapo. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka, ukarudi. Akampa vidole vyake viwili avishike kwa nguvu bila kuachia. Mkono wa mtoto ukabana, ukalegea, ukabana, ukalegea, sawasawa na mtu anayekamua ng'ombe. Kwetu sisi tuliokulia kwenye ng'ombe, mfano huo hauhitaji maelezo. Na hata vitabu vya madaktari vinautumia huo huo.

Kisha akauliza swali moja: "Mama, miezi miwili mitatu iliyopita, mutoto aliumwa koo?"

Mama anasema alibaki kimya. Koo? Koo na mkono wapi na wapi?

Kutoka hapo mtoto akapewa rufaa kwenda Gitega. Walikwenda kwa barabara ya Karuzi, mama, mtoto na yule mdogo wa mgongoni. Huko walimpima damu, daktari akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha wakautazama kwa mashine inayoonyesha moyo ukipiga. Ikaonekana mlango mmoja wa moyo unavuja kidogo. Mtoto mwenyewe hakuwa amelalamika kifua hata siku moja.

KOO NA UBONGO WAPI NA WAPI?

Tueleze polepole. Kuna kijidudu kinaitwa streptokoki, cha kundi linaloitwa A. Kinapenda koo la mtoto, hasa wa miaka 5 mpaka 15. Kinaleta yale tunayoita mafindofindo, wengine wanasema anjina. Mwili una askari wake wa kupambana na wadudu. Askari hao wanamtambua adui kwa sare yake. Shida ni kwamba sare ya kijidudu hiki inafanana na vitu vilivyomo ndani ya mwili wenyewe: kwenye milango ya moyo, kwenye viungo, na kwenye sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza mienendo ya mikono, miguu na uso, pamoja na mazoea na hisia.

Basi, kwa watoto wachache, koo likishapona askari hawarudi kambini. Wanaendelea kupiga, na sasa wanampiga raia wakidhani ni adui. Sisi wakimbizi tunaelewa vizuri jambo hilo maana yake nini.

Wakipiga viungo na moyo, ugonjwa unaitwa homa ya baridi yabisi. Kwa kawaida inakuja wiki 2 mpaka 4 baada ya koo. Magoti yanavimba, leo goti hili, kesho kifundo kile. Wakipiga ile sehemu ya ubongo, mtoto anaanza kuchezacheza bila kutaka. Hii inachelewa zaidi, mwezi 1 mpaka 6 baada ya koo. Ndiyo maana hakuna mzazi anayekumbuka.

Ugonjwa wa kuchezacheza una jina la zamani: korea ya Sydenham. Si ile nchi ya Korea. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya kucheza ngoma. Sydenham alikuwa daktari wa Uingereza aliyeueleza mwaka 1686, bila kujua kwamba chanzo chake ni koo. Unawapata wasichana zaidi ya wavulana. Mara nyingi unapoa wenyewe ndani ya wiki au miezi kadhaa, ingawa unaweza kurudi koo likiumwa tena. Hatari yake kubwa ni kwamba wengi wa watoto hao wana moyo ulioguswa pia, kimyakimya, kama huyu wa kwetu.

Kuna na jambo la pili, lililo karibu na hili. Mwaka 1998 daktari wa Marekani, Susan Swedo, na wenzake walieleza habari za watoto 50 ambao tabia yao ilibadilika ghafla, karibu kama kuwasha na kuzima taa, baada ya streptokoki. Mtoto anaanza kunawa mikono bila mwisho, kurudiarudia neno au jambo lile lile, kukonyeza macho au kukoroma bila kutaka, kuogopa kuachana na mama, pengine kukojoa kitandani tena. Waliipa jina la kifupi PANDAS. Wavulana wanaonekana zaidi katika kundi hili. Tuwe wakweli: juu ya PANDAS madaktari bado wanabishana, wengine wanaikubali, wengine wanasema ushahidi hautoshi. Juu ya korea ya Sydenham hawabishani. Kwa mzazi, somo ni moja: mtoto akibadilika ghafla, muulize daktari kuhusu koo.

KWA NINI HAPA KWETU

Kijidudu hiki kinasafiri kwa mate, kwa kukohoa na kupiga chafya, na kwa pumzi ya karibu. Kinapenda mahali watu wanapobanana. Angalieni nyumba zetu: watoto watano, sita, kichwa kwa mguu kwenye mkeka mmoja, dirisha limezibwa kwa sababu ya baridi. Nchi tajiri ziliuona ugonjwa huu ukipungua sana nyumba zilipokuwa kubwa na penisilini ilipopatikana. Kwetu Afrika bado upo. Mwezi wa tano 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo.

Kuna na shida ya umri. Tangu 2006 Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wasiotimiza miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua, na watoto wengi wamesaidika. Lakini streptokoki inamngojea mtoto avuke miaka 5. Hapo ndipo jirani yetu wa kilimani anapoanza kuhesabu mfuko wake kabla ya kwenda kituo cha afya, na ndipo na sisi wa kambini tunaposema, "Ameshakuwa mkubwa, itapita." Umri wa hatari ndio umri tunaopunguza kuwaangalia.

TUNAPOKOSEA

Kwanza, kukata kimio. Hapa Burundi wanaita ikirimi, na wapo wanaokata kwa wembe mtoto akiumwa koo. Kimio hakina kosa. Kukikata hakuui streptokoki, na mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata maambukizi mengine mabaya.

Pili, dawa za kubahatisha. Vidonge viwili vya rangi mbili, nusu ya Bactrim iliyobaki, tetrasikilini ya dukani. Dawa hizo si za streptokoki ya koo. Homa inapoa, kwa sababu koo hupoa lenyewe hata bila dawa, nasi tunadhani tumetibu. Dawa yake ni penisilini. Ni sindano moja ya ile ya kukaa muda mrefu mwilini, au vidonge, au amoksilini, kwa siku 10 kamili. Tunarudia, siku 10, hata kama siku ya 3 mtoto anacheza mpira. Na kuna habari njema: mpaka leo kijidudu hiki hakijajifunza kuishinda penisilini. Hata mkichelewa kidogo msikate tamaa. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuizuia homa ya baridi yabisi.

Lakini tusielewane vibaya. Koo nyingi zinazouma zinaletwa na virusi na hazihitaji penisilini. Mtoto akiwa na kamasi, kikohozi na sauti imekauka, mara nyingi ni mafua tu. Akiwa na homa ya ghafla, kumeza kwa uchungu, vifundo shingoni, mafindo mekundu au yenye usaha, na hana kikohozi, mpelekeni apimwe. Na kama aliwahi kuvimba mwili au kushindwa kupumua baada ya penisilini, mseme mapema kabla hajachomwa.

Tatu, fimbo. Mtoto wa korea anataka kutulia na hawezi. Ukimpiga au ukimchekesha watu, anachezacheza zaidi, kwa sababu wasiwasi unaongeza.

Nne, kumficha. Tunajua aibu inavyouma. Lakini mtoto aliyefichwa moyo wake haupimwi.

SINDANO YA KILA WIKI NNE

Mtoto wetu hakurudi kutoka Gitega na dawa ya siku 10 tu. Alirudi na kadi. Kila wiki 4 achomwe penisilini, ili streptokoki isipate tena nafasi kooni. Kila koo jipya linaweza kuuongezea moyo jeraha. Hiyo ni sindano 13 kwa mwaka, na kwa kuwa moyo umeguswa, ataendelea miaka 10 au mpaka afike miaka 21, pengine zaidi. Daktari ndiye atakayesema.

Wengine watauliza, sindano za miaka yote hiyo kwa mtoto anayecheza vizuri, za nini? Jibu lilipatikana kwa jirani zetu Uganda. Taasisi ya Moyo ya Uganda, akiwemo daktari Emmy Okello, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, waliwafuata watoto 818 wa miaka 5 mpaka 17 ambao moyo wao ulikuwa na dalili za mwanzo kwenye mashine, lakini wao wenyewe hawakujisikia wagonjwa. Nusu walichomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Kwa waliochomwa, watoto 3 tu ndio moyo ulizidi kuharibika. Kwa wasiochomwa walikuwa 33. Na moyo ukishaharibika sana, kinachobaki ni upasuaji, ambao kwa familia ya kambini ni mlima mrefu.

Sindano inauma, hatuwadanganyi. Mwombeni muuguzi kama anaweza kuichanganya na dawa ya ganzi, na mtoto aende akiwa amekula na amekunywa maji. Kwa mtoto ambaye moyo umeshachoka sana, daktari anaweza kuchagua vidonge badala ya sindano. Msiamue wenyewe.

MASWALI MLIYOTUULIZA

Je, ugonjwa huu unaambukiza?
Koo linaambukiza. Kuchezacheza hakuambukizi. Watoto wale naye, wacheze naye, walale naye.

Tunautofautishaje na kifafa?
Katika kifafa cha kuanguka mtoto anapoteza fahamu, pengine anauma ulimi, na hakumbuki. Katika korea anakusikia, anakujibu, mwili tu haumtii, na akilala unatulia. Lakini msipime wenyewe nyumbani. Hata malaria kali inaweza kugusa ubongo. Mtoto mwenye homa na degedege ni wa kukimbizwa saa hiyo hiyo.

Tukiombewa ni vibaya?
Hapana. Ombeni, na mwende hospitali. Kimoja hakizuii kingine.

Mtoto atarudi shule?
Ndiyo. Mpelekeeni mwalimu habari mapema. Apewe muda zaidi wa kuandika, akae mbele, asicheke mtu. Kama mkono umeshindwa kabisa, ajibu kwa mdomo kwa muda.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

1. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 mwenye koo na homa bila kikohozi, apelekwe kituo cha afya, asipelekwe kwa mkata kimio.
2. Dawa ya siku 10 ni ya siku 10.
3. Mtoto akibadilika ghafla, anaangusha vitu, uso unajikunja, mwandiko umeharibika, analia ovyo au anarudiarudia jambo, mkumbuke koo la miezi iliyopita na mmwambie muuguzi bila kungoja aulize.
4. Magoti yanayovimba kwa zamu, kuchoka haraka au kukosa pumzi: moyo upimwe.
5. Kadi ya sindano itunzwe kama kadi ya posho. Familia ikihamia kambi nyingine, au ikipata safari ya kwenda nchi ya mbali, kadi isafiri nayo.

TULIPOMTEMBELEA TENA

Juzi tulirudi kwa familia hiyo. Mtoto alikuwa nje anamenya viazi. Bega bado linaruka mara moja moja, hasa akiona wageni. Mama ametuonyesha kadi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kutundikwa juu ya kitanda, mvua isiifikie. Sindano sita zimeshaandikwa, hakuna tarehe iliyorukwa. Yule jirani aliyewakataza watoto wake sasa ndiye anayemkumbusha mama siku ikikaribia.

Tulimwomba mtoto atuandikie jina lake. Akaandika taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, umetulia pale pale. Herufi hazijanyooka zote. Lakini zimekaa kwenye mstari.

Mama akasema, "Ile fimbo niliichoma kwa moto, nikapikia maharage."

Ndugu zetu, leo jioni watoto wakilala, mwangalieni kila mmoja shingo, mmuulize koo linamuuma tangu lini. Ni kazi ya dakika mbili. Tukutane mwezi ujao, na mtuletee maswali yenu kwa wahudumu wa afya wa bloki zenu.